Walikuja na listi, wakaondoka na jina la baba

Yaya, mkubwa wangu unayetujibu sisi wasomaji, jambo sana.

Nakuandikia nikiwa sokoni Katuba, hapa Lubumbashi, nyuma ya meza yangu ya unga, maana nyumbani siwezi kuandika haya bila mtu kuuliza naandika nini.

Baba yetu ana miaka 74. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, miaka 31, na kazi yake ilikuwa kupwenta: alfajiri alisimama getini na daftari, kila mfanyakazi aliyeingia akamwekea alama mbele ya jina. Aliondoka mwaka 2003, pamoja na wale zaidi ya 10,000 wa "kuondoka kwa hiari". Mpaka leo haketi uani bila biki ya bluu mfukoni.

Mdogo wangu wa kiume ana kazi kwenye kampuni moja ya migodi huko Kolwezi. Kampuni inalipa bima ya afya, na wazazi wetu wote wawili wameandikwa chini ya jina lake. Kila mmoja ana kadi yake, na kuna kiasi cha pesa cha mwaka ambacho matibabu hayavuki. Baba anaitumia yake kwa vidonge vya presha, mara moja moja kwa macho. Basi.

Mwezi wa sita nilimsindikiza kuchukua vidonge. Binti wa dirishani akaingiza namba, akatazama, akairudisha kadi mbele ya watu wote: "Papa, kadi yenu imeisha." Imeisha vipi? Tukaomba maelezo kupitia ofisi ya mdogo wangu. Karatasi iliyokuja inasema baba alilazwa mara mbili kwa malaria, akapigwa picha ya goti, akatengenezewa miwani pea mbili, yote katika kliniki moja ya upande wa pili wa mji. Baba aliisoma mara tatu. "Miye siyafika kule hata siku moya," akasema. Na ni kweli. Usiku mmoja kati ya zile "alizolazwa", sisi sote tulikuwa Likasi kwenye kilio cha mjomba, na baba ndiye aliyeongoza sala.

Hapo ndipo mama akakumbuka lile dole. Mwezi wa tatu, Jumanne moja, alirudi kutoka kusagisha mahindi akakuta dole gumba la baba lina wino wa zambarau. Baba akamwambia ni kontrole ya wastaafu. Kumbe walikuwa wamekuja vijana wawili, msichana na mvulana, wamevaa vizibao vyeupe, tableti mkononi. Walimwita kwa majina yake yote na kwa namba yake ya zamani ya kazi. Wakasema Serikali imeanza matibabu ya bure kwa wazee wote, na wao wanaandikisha mtaa. Wakapiga picha kadi yake ya mpiga kura, mbele na nyuma, wakapiga na kadi ya bima, wakamtia dole kwenye karatasi tatu. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu yake, tarakimu sita, wakamwomba awasomee. Wakaomba na namba yake ya siri, "ili faili ifunguke". Jioni ile franka 84,000 alizotumiwa na mdogo wangu zilikuwa zimetoka. Hakumwambia mtu yeyote miezi mitatu.

Sasa mdogo wangu amewaka. Anataka kumnyang'anya baba simu na vitambulisho vyote, nivifungie kwenye sanduku langu. Baba naye tangu siku ile anakula peke yake chumbani.

Na kuna jambo ambalo ndilo hasa limenishikisha kalamu. Mwaka jana tantine, dada mdogo wa baba, alikuwa anakufa kwa mawe ya nyongo. Hakuwa na kitu. Tukampa kadi ya mama, kwa kuwa sura zao zinakaribiana. Akalazwa kwa jina la mama, akapasuliwa, akapona. Mdogo wangu anasema tukilalamika kuhusu kadi ya baba watafungua na ya mama, naye atafukuzwa kazi. Kwa hiyo tunyamaze. Yaya, tunyamaze?

Mtoto wa mpwenta, Katuba

*

Mdogo wangu, jambo.

Kwanza vidonge. Visisubiri bima wala barua. Mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, siyo jina la kibiashara lililo kwenye boksi, kisha uliza bei kwenye famasi mbili tatu. Mara nyingi dawa ileile ina boksi lingine la bei ya chini. Mchange ninyi watoto mpaka mambo yanyooke. Na msimwamini akisema anajisikia vizuri, presha haimpi mtu habari.

Pili simu, na hii ni ya kesho asubuhi. Nendeni na baba mwenyewe, miguu yake, kwenye ofisi rasmi ya kampuni ya simu. Msiende kwenye kabini, kibanda cha simu cha barabarani. Abadilishe namba ya siri, aulize kama kuna laini nyingine iliyoandikishwa kwa kadi yake ya mpiga kura, na kama ipo aikane kwa maandishi. Zile franka 84,000 siwezi kuahidi kwamba zitarudi. Lakini picha ya ile kadi iko kwenye tableti ya watu msiowajua, na kadi ya mpiga kura kwetu ndiyo kitambulisho cha kila kitu, kuanzia laini ya simu hadi mkopo. Siku laini iliyotumika kwa wizi itakapokutwa na jina la mzee wako, mtahitaji karatasi ya tarehe ya mapema inayosema alishalalamika.

Karatasi hiyo inaandikwa polisi. Eleza mbele ya OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, kila kitu ulichonieleza mimi, baba aweke sahihi, ombeni nakala. Kumdanganya mtu kwa jina la uongo na cheo cha uongo ili kumtoa mali kunaitwa eskrokeri, kifungu cha 98 cha sheria ya makosa ya jinai, na adhabu yake inafika miaka 5. Ukikutana na wale vijana mtaani, tafadhali, usipige kelele za mwizi. Unajua vizuri jambo hilo linavyoishia hapa Lubumbashi, na mtu aliyechomwa moto hawezi kusema ni nani pale kliniki aliyemtuma.

Kwa sababu nadhani alitumwa. Watu wengi wanawaza kuwa kadi ikiibwa kuna mgonjwa mahali anajitibisha kwa jina lako. Mara nyingi mgonjwa hayupo kabisa. Kinachohitajika ni jina, namba ya bima na alama ya dole chini ya boni, ile karatasi ya matibabu inayolipwa na bima. Sehemu ya juu mtu wa ndani atajaza atakavyo. Leo malaria, kesho goti, keshokutwa miwani. Dole tatu, boni tatu au zaidi. Ndiyo maana magonjwa ya baba yako ni ya kawaida hivyo: malaria kwa siku chache haimshtui mkaguzi yeyote. Miwani pea mbili ndiyo tamaa ilipowazidi.

Ndiyo maana pia nawaambia watu wote wenye boni, wazee kwa vijana: usitie sahihi wala dole kwenye karatasi ambayo juu bado ni nyeupe. Hata nesi akiwa na haraka. Hata akiwa mtoto wa jirani.

Sasa baba.

Umeandika kwamba walimwita kwa namba yake ya kazi, halafu ukapita. Rudi hapo. Mzee wako aliingia kampuni wakati mtu mwenye listi ndiye aliyekupa unga wa posho, shule ya watoto, kitanda cha hospitali, nyumba. Wazee wa Union Minière, kampuni iliyokuwepo kabla ya Gécamines, walikuwa wakisema "kazi njo baba, njo mama", na hawakuwa wakitia chumvi. Kisha akaondoka mwaka 2003, na tangu hapo ni listi tena: listi ya waliolipwa, listi ya wanaodai, kontrole ya kuonyesha kwamba uko hai. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa listi! Kijana akija na kizibao na orodha, akalisoma jina lako sawasawa pamoja na namba ya kazi ambayo hata mkeo ameisahau, wewe ungefanyaje? Wale vijana walijua mlango wanaobisha. Namba za kazi za wazee zimejaa kwenye fotokopi za madai ya miaka 20, zimepita mikono isiyohesabika.

Na uongo wao ulikuwa na mguu mmoja wa kweli. Mpango wa Serikali wa afya kwa wote upo. Ila ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ukianza na uzazi wa bure, yaani mama na mtoto mchanga. Baba yako, kwa heshima zote, hayumo.

Kwa hiyo mtu asimwite mjinga, na asitumie ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa. Miezi mitatu ile ya kunyamaza ndiyo iliyowagharimu kuliko lile dole. Angesema jioni ileile, kadi ingefungwa kesho yake na kliniki isingepata hata franka. Hakusema kwa sababu aliogopa hasa hiki ambacho mdogo wako anataka kumfanyia sasa: kunyang'anywa. Ukimfungia vitambulisho kwenye sanduku lako, siku nyingine akidanganywa atakaa miezi sita.

Tantine. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote.

Sitakuambia mlikosea kumwokoa. Tunajua sote ni nyumba ngapi zimefanya hivyo hapa mjini, na tunajua bei ya kupasuliwa. Lakini fikiria kilichobaki kwenye karatasi. Faili ya mama yako leo inasema kifuko chake cha nyongo kilitolewa. Hakikutolewa, anacho tumboni. Siku mama akishikwa na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, usiku, homa juu, daktari wa zamu atafungua faili, ataona "nyongo ilishatolewa", atatafuta ugonjwa mwingine. Atapoteza saa. Tena kama walimpima tantine kundi la damu, na dawa gani inamdhuru, hayo yote sasa ni ya mama. Kumpa mtu kadi ya matibabu ni kumwachia aandike ndani ya mwili wako, na maandishi yake hayafutiki anapopona.

Basi wiki hii mama aende kwa daktari anayemtibu siku zote, amwambie kwa mdomo wake: ile operesheni siyo yangu. Sheria inamfunga daktari na siri ya kazi. Hapa hakuna cha kusubiri, na hamuhitaji ruhusa ya mdogo wako.

Kwa upande wa kampuni na bima, mambo ni mazito zaidi, sikufichi. Sheria ya kazi inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi, ya mwenzake wa ndoa na ya watoto wake. Wazazi kwa kawaida huingia kwa makubaliano ya kampuni, na kilichotolewa kwa makubaliano kinaweza kuondolewa. Kadi iliyotumiwa na mtu mwingine, mwajiri anaweza kuiita kosa kubwa. Mdogo wako ana sababu ya kuogopa. Anapokosea ni kudhani kunyamaza kunamlinda. Matumizi ya baba yameshamaliza kiasi cha mwaka, na mzee anayemaliza kiasi chake katikati ya mwaka ni jina ambalo mkaguzi atalifungua hata bila ninyi kuandika. Akilikuta mwenyewe, mdogo wako ndiye atakayeonekana ameuza kadi ya baba yake kwa kliniki. Atajiteteaje wakati huo?

Mimi ningefanya hivi. Kabla ya barua yoyote, mdogo wako akae na delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wa kazini kwao, au mwanasheria, amweleze ya tantine yote. Wao wanajua mkataba wa kampuni ile unasemaje na mkubwa gani anasikiliza. Kisha barua ya baba iende, peke yake, bila kuchanganywa na ya mama. Na kama delege ataona ni vyema, mdogo wako alete la mama kwa hiari, na mpango wa kulipa kidogo kidogo. Tantine naye achangie, amepona, ana mikono. Akiulizwa moja kwa moja kabla ya hapo, asidanganye. Uongo wa pili ndio unaofukuzisha watu.

Barua ya baba iwe fupi. Iseme tarehe ya wale vijana, iseme kila huduma iliyo kwenye ile karatasi ambayo hakuipata, na pembeni ya usiku ule wa Likasi muweke ushahidi: tangazo la kilio, picha zenye tarehe, kikaratasi cha péaje, ushuru wa barabara, kama dereva alikihifadhi. Iombe mambo manne tu: namba ya zamani ifungwe, kadi mpya itolewe, kiasi cha mwaka kirudishwe, na magonjwa yasiyo yake yatolewe kwenye faili yake. Hilo la mwisho watu husahau kuliandika. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu. Wakikaa kimya, juu yao kuna ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini tangu sheria ya 2015 ilipofungua soko kwa kampuni nyingi, na ile nakala yenye muhuri ndiyo mtakayoibeba.

Niongeze kidogo, maana msomaji mmoja anayeishi Chicago aliniandikia kuhusu haya zamani. Huko Marekani watu wa miaka 65 na zaidi wana bima ya Serikali, Medicare. Miaka mingi kadi yao ilibeba namba ileile ya hifadhi ya jamii inayofungua mambo yote ya mtu. Ni kuanzia Aprili 2018 tu ndipo walipoanza kutumiwa kadi zenye namba nyingine. Na wezi hawakuchoka. Septemba 2019 walishtakiwa watu 35 katika njama ya kuwapaka wazee kijiti cha pamba ndani ya shavu, eti kipimo cha bure cha saratani, na madai ya uongo yaliyohesabiwa yalizidi dola bilioni 2. Kizibao cheupe kinafanya kazi kila nchi. Lakini wana jambo nililolipenda: tangu 1997 wana wazee wa kujitolea wanaofundisha wazee wenzao, na kitu kimoja wanachowapa ni daftari. Mzee anaandika kila alipokwenda kutibiwa, kisha karatasi ya bima ikija anailinganisha na daftari lake, mstari kwa mstari.

Mdogo wangu, wewe unaye nyumbani mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 31.

Mnunulie daftari kubwa la mistari, lile la jalada gumu. Kadi zibaki kwake. Yeye ndiye atakayepwenta: tarehe, mahali, nani amemwona, amepewa nini, ametia sahihi kwenye nini. Ampwente na mama. Kila miezi mitatu mdogo wako alete karatasi ya bima kutoka Kolwezi, na baba aisome kwa sauti na biki mkononi, wote mkiwa mezani. Fotokopi yoyote ya kitambulisho inayotoka nyumbani, aandike juu yake, katikati kabisa mpaka kwenye picha: kwa kazi fulani tu, tarehe fulani. Mwizi atapata shida kuitumia kwingine.

Kuhusu mlango, mpeni sentensi moja, maana mzee wa heshima hawezi kumfukuza mgeni na hatukulelewa hivyo. "Mukuye siku ya posho, batoto bangu batakuwa hapa." Aliye na kazi ya kweli atarudi siku hiyo, Jumamosi. Na tarakimu zinazoingia kwenye simu hazisomewi mtu, hata wewe mwanawe ukimpigia kuziomba.

Mpelekee daftari chumbani leo jioni, pamoja na sahani yako, mle pamoja. Usianze na maneno mengi. Mwambie polisi watauliza habari za Jumanne ile na wewe hukuwepo: vizibao vilikuwa na maandishi gani, yule msichana alishika tableti kwa mkono upi, walitaja jina la mtaa gani, walielekea upande wa reli au wa soko. Aandike ukurasa wa kwanza.